Tundu la MV Bukoba

Kijana anayekuja kujitolea kwenye boti ya uokoaji huja na mikono inayomwasha. Amezaliwa mwaloni, kuogelea anajua, anataka akabidhiwe kamba leo leo. Mimi ningemkalisha kwanza mbele ya beseni la maji na kopo tupu. Lipindue kopo mdomo chini, lizamishe wima: linakusukuma mkono, kwa sababu hewa imebaki ndani. Sasa litoboe kitako kwa msumari, ulizamishe tena mdomo chini. Hewa inafoka kwenye tundu, maji yanapanda, kopo linashuka bila kubisha.

Ndivyo ilivyokuwa Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba ilikuwa ikienda Mwanza, abiria wamejaa kupita kiasi, ikapinduka asubuhi safari ikikaribia kwisha. Haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu walio hai, wakigonga chuma ili wasikike. Nani angesikia mlio ule akakaa tu? Likakatwa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiwapa pumzi, na kuishikilia meli isizame, ikatoka kupitia tundu hilo hilo. Meli ikashuka nao.

Waliokata walikuwa na huruma kama uliyo nayo wewe, kijana, na hilo ndilo linaloniuma. Hawakukosa moyo. Walichohitaji ni mtu wa kuwaambia: subirini, ishikilieni meli kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kamba na kabla ya usukani, jifunze kukaa kando ya chombo kilichopinduka bila kukigusa kwa pupa. Zunguka, okota walio majini. Warushie boya kwanza, maana anayezama hukumbatia chochote, hata shingo yako. Wapandishe kwa nyuma, kwenye tezi, mmoja mmoja, wakivamia ubavu mmoja mtapinduka nyote. Usifunge boti yako kwenye chombo kinachozama. Ukisikia watu wakigonga kutoka ndani, gonga nawe, wajue wamesikika, kisha ita wazamiaji na vyombo vikubwa vya kukishikilia. Kungoja huko, huku unagongewa, sijui kazi nyingine inayochosha roho kiasi hicho. Lazima ifanyiwe mazoezi, kwa sababu siku yenyewe mkono utataka kushika shoka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa hilo hilo, kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Wavuvi wa pale walifika na mitumbwi yao wakaokoa waliowaweza. Usiku kazi ikasimama, asubuhi ikaendelea. Kivuko kilibaki kikielea tumbo juu. Siku ya pili baada ya ajali wazamiaji waliingia chini yake, wakatoka na fundi wa mitambo. Alikuwa amejibanza karibu na injini, mahali hewa ilipobaki, na alikuwa anapumua.