Habari ya Mtu Iulizwe kwa Nani?

Baadhi ya ndugu zetu wafanyao biashara ya Garissa, waendao kwa njia ya Garsen na Hola na kurudi, wametuletea swali katika darsa letu, nasi tumeona haifai kulijibu kwa maneno mawili. Wasema kwamba kule, kama ilivyo huku pwani, simu za watu zimejaa picha na visa vya watu ambao jinsia yao si kama ya wenzao: huyu aliyezaliwa na maumbile mawili, yule aliyezaliwa mwanamume naye asema nafsi yake ni ya kike, na mwingine aliyekwenda kwa madaktari akabadili mwili, kisha akabadili na jina. Watu hutazama, hucheka, hulaani, halafu humpelekea mwenzao naye atazame. Wauliza: je, kuna ubaya katika hili, ikiwa wenye kusimuliwa ni watu ambao wengi wetu hatukubaliani na mwendo wao?

Yatupasa kwanza kulitenga swali hili na jingine linalofanana nalo. Hukumu ya mwenye kubadili jinsia ni jambo moja, na hukumu ya mwenye kumsimulia ni jambo la pili. La kwanza lina wanachuoni wake, nao wamesema na wangali wanasema. La pili latuhusu sote, kwa kuwa kila mwenye simu mkononi amekuwa leo mwenye gazeti, naye hana mhariri wa kumzuia ila khofu yake kwa Mola wake.

Tuanze na maneno, maana upotevu mwingi hapa umeanzia kwenye maneno. Huntha, hanithi na mukhannath yote yametoka katika shina moja la Kiarabu, kha na nun na tha, walakini hayana maana moja. Huntha ni yule ambaye mwili wake una alama za kiume na za kike pamoja, au haukuonyesha wazi hizi wala zile. Ndugu zetu Wasomali humwita labeeb. Mukhannath katika hadithi ni mwanamume mwenye mwendo wa kike katika sauti yake na kutembea kwake. Ama hanithi, katika Kiswahili chetu limekwisha kuwa tusi, hutupiwa mume asiyeweza kazi ya ndoa, na hutupiwa wengine kwa sababu nyingine kabisa. Na mtu asemaye kwamba nafsi yake haikubaliani na mwili wake, lugha yetu haijampa jina la peke yake. Magazeti humwita aliyebadili jinsia, hata kama hajabadili kitu ila kanzu. Basi watu wanne hutiwa katika kapu moja, na msomaji huondoka akidhani amesoma habari ya mtu mmoja.

Hadithi ya laana juu ya wanaume wajifananishao na wanawake, na wanawake wajifananishao na wanaume, twaijua wala hatuifichi. Lakini Imam Nawawi, alipokuwa akiisherehesha Sahihi ya Muslim, aliwagawa watu hao sehemu mbili: aliyeumbwa hivyo, ambaye hana lawama wala dhambi kwa maumbile asiyoyachagua, na yule ajitiaye makusudi, ambaye ndiye aliyekusudiwa katika laana. Nawawi alifariki katika mwaka wa 676 wa Hijra, katika kijiji cha nchi ya Sham, naye alipambanua. Sisi tulio na madaktari, mahakama na vyuo vikuu hatupambanui, twabonyeza tu na kupeleka mbele.

Kuna kisa cha kale ambacho waandishi wa sira wamekihifadhi. Kabla ya Uislamu, Amir bin Dharib alikuwa mwamuzi wa Waarabu, haliamuliwi jambo zito ila huletewa yeye. Siku moja akaletewa habari ya huntha: ahesabiwe mwanamume au mwanamke? Hakuwa na jibu, akakesha usiku kucha akijigeuza kitandani. Alikuwa na kijakazi mchungaji jina lake Sukhayla, ambaye kila siku humkemea kwa kuchelewa na mifugo. Yule kijakazi akamwuliza kilichomkosesha usingizi. Alipoambiwa, akamjibu kwamba afuate njia itokayo mkojo. Uislamu ulipokuja ukaithibitisha kanuni hiyo. Nasi twapenda kuona kwamba mjuzi wa Waarabu wote alifundishwa na mchunga mbuzi, na kwamba hakuona haya kuuliza.

Mafakihi waliokuja baadaye walikwenda mbele zaidi. Walisema: ikiwa alama za mwili hazikutosha, basi huntha akisha kubaleghe huulizwa yeye mwenyewe nafsi yake yaelekea wapi, na neno lake hukubaliwa, kwa sababu jambo hilo halijulikani ila kutoka kwake. Wala haruhusiwi kulifanyia mchezo, leo aseme hili na kesho lile. Kabla ya hapo hawakumwacha nje ya msikiti: walimwekea safu yake, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Katika mirathi hupewa lile fungu lenye yakini, na lenye shaka husimamishwa mpaka hali yake ibainike. Vitabu hivi ndivyo visomwavyo Lamu na Mombasa, na ndivyo visomwavyo Garissa, Wajir na Mandera, maana sote ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii. Hapana haja ya kuagiza insafu kutoka nchi za mbali na hali ipo rafuni, imefunikwa vumbi.

Hatusemi kwamba kanuni ya kuulizwa mwelekeo yamhusu kila mtu. Waliiweka kwa huntha ambaye mwili wake ni mushkili, si kwa mwenye mwili ulio wazi. Juu ya huyu wa pili wanachuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Misri, katika mwaka wa 1988, mwanafunzi wa utabibu wa chuo cha Azhar, ambaye watu walimjua kwa jina la Sally, alipasuliwa na madaktari akawa mwanamke, na Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa iliyotazama sana kauli ya madaktari na kukataa kwamba matamanio peke yake yatosha. Iran, Ayatollah Khomeini aliruhusu. Wanachuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu. Sisi si mamufti, wala hatukuketi hapa kutoa fatwa ya tatu. Twalichukua lile moja tu lililo wazi: yaliyo ndani ya mtu hayajulikani ila kwa kumwuliza, na mafakihi walimwuliza. Magazeti ya Misri, kinyume chake, yaliandika habari ya Sally kama mtu aandikavyo habari ya moto ulioshika sokoni.

Na sasa tuje nyumbani. Katika hesabu ya watu iliyofanywa Kenya mwezi wa Agosti 2019, kwa mara ya kwanza karani aliweza kuandika kwamba mtu si mwanamume wala si mwanamke. Nchi nzima walihesabiwa 1,524. Kaunti ya Garissa walikuwa 34, Wajir 49, Mandera 37, jumla 120 katika watu karibu milioni mbili na nusu. Mombasa, yenye watu wengi kuliko Garissa, walikuwa 30, na Lamu wanne. Asidhani mtu kwamba huko kaskazini mashariki huzaliwa wengi zaidi kuliko huku. Karani huuliza mlangoni, na aliye mlangoni ndiye ajibuye, naye husema lile ambalo anaona jirani akilisikia halitamdhuru. Hesabu hii ni ya waliokubali kutajwa. Waliofichwa chumba cha ndani hawamo, na twaamini ni wengi kuwashinda hawa.

Wamefichwa kwa nini? Baba aliyejaaliwa mtoto wa namna hiyo amekwisha kuona, katika simu yake mwenyewe, watu kama mtoto wake wafanywavyo. Ameona wanavyovuliwa nguo mbele ya kamera. Amesikia kicheko. Atampeleka vipi mtoto hospitali au madrasa? Yuko mtu mmoja aliyezaliwa huntha akahukumiwa na kufungwa jela ya Kamiti pamoja na wanaume, akawa hupekuliwa mwili na kufanywa kichekesho. Mahakama Kuu, katika mwezi wa Disemba 2010, iliona kwamba alitendwa kinyume cha ubinadamu ikamwamrishia fidia ya shilingi 500,000. Yaliyompata ndani ya kuta za jela ndiyo wayafanyayo watu barazani kwa simu, tofauti ni kwamba barazani hapana mahakama. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto huntha kwa jina na kumpa haki yake ya heshima, lakini sheria haisomwi na watoto wa mtaani watakaomzunguka.

Watu wa Garissa hawahitaji kufunzwa na sisi uchungu wa kusimuliwa na wengine. Tangu vita vya miaka ya sitini neno moja, shifta, lilitosha kuwaeleza wote, mzee na mtoto, mwenye bunduki na mwenye ngamia. Katika mwezi wa Februari 1984 watu walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakauawa; serikali ikatoa hesabu ndogo ya waliokufa, na kwa miaka mingi wajane na waliosalimika hawakuulizwa, mpaka ilipokuja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2013. Na baada ya wanafunzi na wengine, watu 148, kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, mji mzima ukawa katika vinywa vya watu ni jina la msiba ule peke yake, kana kwamba hapana wanaolima kando ya mto Tana wala wanaosomesha. Mwenye kuonja haya hana udhuru wa kumwonjesha mwenziwe aliye dhaifu kuliko yeye.

Watu wengine watatujibu: kumpa mtu wa namna hii nafasi ya kusema ni kuueneza mwendo wake. Twaijua khofu hii wala hatuibezi, maana mzazi ana haki ya kuwalinda wanawe. Lakini tuulize: kadhi wa Garissa akihukumu kesi ya ng'ombe mmoja kwa kusikia upande mmoja tu, nani kati yetu atamkubali? Kumsikiliza mtu si kumpa ushindi. Na shahidi wa deni la shilingi mia twamtaka awe mwadilifu, awe ameona kwa macho yake, wala asiwe na uadui na anayemshuhudia. Kwa nini shahidi wa uchi wa mtu asitakiwe lolote? Surat al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari, na papo hapo yakataza dhihaka, majina ya aibu, upelelezi na kusengenya. Hatukuona ndani yake kwamba makatazo haya ni kwa wale tunaokubaliana nao tu.

Lahore, nchi ya Pakistan, katika mwezi wa Machi 2018 Marvia Malik, mtu aliyebadili jinsia, aliketi mbele ya kamera za televisheni akasoma taarifa ya habari. Si wajibu wa mtu kupendezwa na hilo ili aione tofauti: siku ile hakuwa habari, alikuwa msomaji wa habari, na waliotazama walisikia bei ya vitu na mambo ya serikali kutoka kinywani mwake. Mwezi wa Februari 2023 alipigwa risasi karibu na nyumba yake, akasalimika. Hapa Kenya, Audrey Mbugua alikwenda mahakamani kutaka cheti chake cha mtihani kiandikwe jina analolitumia, na mwezi wa Oktoba 2014 mahakama ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya kisicho na alama ya jinsia. Watu wengi walilijadili umbo lake. Haja yake ilikuwa ni cheti, apate kazi, na hilo mtu hulijua akimsikiliza mwenyewe kwa dakika kumi.

Basi kwa ndugu zetu waliouliza: picha iliyoletwa bila ridhaa ya mwenyewe ifutwe, isipelekwe kwa yeyote, hata kwa jina la kuonya. Aliyeileta aulizwe ameipata wapi. Gazeti au redio ikisimulia habari ya mtu kama huyu, na itazamwe kama mwenyewe ameulizwa, kama ametajwa kwa jina alilolikubali, na kama huntha ametengwa na asiye huntha. Darsa letu litaanza kuzisoma habari za namna hii pamoja baada ya sala ya Isha kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na tutawaandikia wahariri wake kwa adabu, tukiwaonyesha walipokosea. Tumemwomba pia daktari Mwislamu aje atueleze yale ambayo vitabu vyetu havikupata kuyajua. Na mzazi wa Garissa, au wa hapa, aliye na mtoto chumba cha ndani, akipenda kuja, aje siku yoyote isiyokuwa ya darsa, aketi na mmoja wetu amtakaye. Hapana atakayeandika jina lake, wala hapana atakayeomba kumwona mtoto.