Ua letu, jina lao

Nilipokuwa nasoma Hannover, Ujerumani, rafiki yangu Mjerumani alinipeleka Jumapili moja kutembea kwenye bustani za Herrenhausen. Ndani ya nyumba ya vioo akasimama mbele ya chungu kidogo: majani yenye manyoya, maua ya zambarau.

"Haya si ya kwenu? Bibi yangu alikuwa nayo dirishani mpaka anafariki. Nyie mnayaitaje?"

Nikanyamaza. Mimi mtoto wa Lushoto sikuwa na jina la kumpa. Wao wanalo: Usambaraveilchen. Kila muuza maua Ujerumani anaitamka milima yetu, pengine bila kujua kwamba ni milima.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Likafika Herrenhausen, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya familia ile.

Hasira ilinipanda, sikatai. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal. Jina la mji tulilirudisha, la ua hapana. Lakini nikajiuliza: naweza kudai nimeibiwa kitu ambacho sikuwahi hata kukitazama?

Usiku nikamtumia mama picha, kisha nikampigia.

"Hayo? Yalikuwa kwenye miamba kule mtoni. Tukienda kuni tunayaona."

"Mlikuwa mnayaitaje?"

"Maua tu, mwanangu. Hayaliwi, hayatibu." Akanyamaza kidogo. "Siku hizi hayapo. Miti ilikatwa watu walime mboga, jua likayaunguza."

Basi hapo hasira yangu ikakosa pa kusimama. Saint Paul alichukua mimea na heshima ya jina, na hilo ni deni ambalo halijafutika. Mama hakuwa na jina la ua, lakini alijua linakaa wapi na limekufa kwa nini. Kutokuwa na jina la kitu si sawa na kukigawa bure. Ila kivuli cha mto ule hakukiondoa Mjerumani. Tulikiondoa sisi, tukiwa na njaa na sababu zetu, na deni hilo siwezi kulipeleka Berlin.

Tena majina yenyewe hayadumu. Mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza ua hili kwenye jenasi ya Streptocarpus. Jina la yule mtawala limeshuka daraja, na maua ya mtoni kwetu hayajarudi kwa sababu hiyo.

Wiki iliyofuata rafiki yangu aliniletea jani kutoka kwenye chungu cha bibi yake. Ukilichomeka kwenye udongo, linaota mche. Nikasita: mtu akikupa kilicho chako, unashukuru au unadai?

Nilishukuru. Bibi yake alilimwagilia miaka yote hiyo, na mimi hata siku moja sikuwahi. Nikaliweka dirishani, upande usiopigwa jua.