TOA KIJITI

Wazee, mnamkumbuka Robert Ouko wa hapa Manga? Septemba 10, 1972, Olimpiki ya Munich, fainali ya mita 400 kupokezana vijiti. Charles Asati akaanza, akampa Munyoro Nyamau, Nyamau akampa Ouko, Ouko akampa Julius Sang. Mjerumani alikuwa mbele, na uwanja ni wa kwao. Sang akamfuata, akampita. Dhahabu ni ya Kenya, dakika 2 na sekunde 59.8!

Sasa sikieni. Huyo Asati alikuwa bingwa wa mita 400 wa Jumuiya ya Madola, 1970. Angeweza kujiona. Lakini alikimbia mzunguko mmoja, akatoa kijiti, akatoka njiani. Ukivuka mstari wa kupokezana na kijiti bado unacho, timu nzima inatolewa, si wewe peke yako.

Na Musa? Alimwekea Yoshua mikono macho yake yakiwa bado yanaona vizuri (Kumb. 34:7-9).

Mimi nawahubiria haya na kijiti ninacho. Kiongozi wetu wa vijana ameniomba madhabahu mara tatu. Namwambia, "Ngoja ukomae." Ana miaka 34, jamani, ana watoto wawili! Ukweli ni kwamba naogopa mtampenda kuliko mimi.

Jana usiku nikampigia simu. Jumapili ijayo, ibada ya pili ni yake. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, na mama mchungaji ameahidi kunishika koti nikiinuka kumsahihisha.