Barua ya Avoka wa Uongo

Shetani alipomjaribu Bwana wetu Yezu Kristu, alimpandisha juu ya mlima mrefu, akamwonyesha falme zote za dunia. Akaahidi kumpa zote, ila kwanza Yezu apige magoti mbele yake. Mwongo yule aliahidi mali isiyo yake, tena alidai malipo kwanza. Yezu hakubishana naye juu ya bei; alimfukuza.

Hila hiyo ni ya zamani, wala haijafa. Katika karne ya 19 wafungwa wa Ufaransa waliwaandikia watu wenye mali, wakisimulia hazina iliyofichwa, wakaomba fedha kidogo ili ipatikane. Siku hizi barua ya namna hiyo hufika hata kijijini, kwa njia ya simu. Husema imetoka kwa avoka, yaani wakili wa sheria, wa Ulaya. Ina mhuri na picha ya mizani. Pengine hata jina la avoka wa kweli limeibwa. Husema kwamba tajiri mwenye jina la ukoo sawa na la msomaji amekufa bila mrithi, akaacha fedha nyingi benki.

Mkatekumeni na azitazame alama nne. Ya kwanza: avoka huyo amemwandikia mtu asiyemjua. Ya pili: adai fedha kabla ya kutoa fedha, leo ada ya hati, kesho kodi, na madai hayaishi. Ya tatu: ahimiza haraka. Ya nne: akataza kumwambia mtu yeyote.

Avoka wa kweli hajifichi. Katika Kongo, kwa sheria ya mwaka 1979, jina lake huandikwa katika orodha ya baro, ndicho chama cha maavoka. Mwenye shaka aulize huko, wala asipige nambari iliyo ndani ya barua, kwa maana mwizi ndiye atakayeitika.

Lakini alama iliyo kubwa kupita zote imo moyoni. Barua yamwomba mtu akubali kuitwa ndugu wa marehemu asiye ndugu yake. Hapo amri ya nane yavunjwa kwa uongo, ya saba kwa kutwaa urithi usio wake, na ya kumi ilikwisha kuvunjwa kwa tamaa. Mwizi hakubomoa ukuta. Alifunguliwa mlango kutoka ndani.

Ndivyo baba wa nyumba huuza mbuzi, kisha hutuma karo ya watoto, akimficha mkewe. Mwisho simu yanyamaza. Baba huyo na amwombe Mungu msamaha kwa tamaa yake, lakini asifungiwe na haya. Amwonyeshe katekista barua ile, ili jirani asinaswe. Nao wenzake wasimcheke. Akija mtu kudai ada ili amrudishie fedha zilizopotea, asimpe kitu: mara nyingi ni mwizi yule yule.

Mkatekumeni anangojea urithi wa kweli. Kwa Ubatizo atafanywa mwana wa Mungu na mrithi wa mbingu. Urithi huo haudaiwi ada, kwa sababu Yezu alikwisha kuulipia msalabani kwa Damu yake. Wala hautolewi kwa siri: hutangazwa kanisani, mbele ya watu wote.