Ndugu Aliyenunuliwa

Neno kukomboa katika Kiswahili hubeba mizigo mitatu kwa mara moja. Mtu aliyeweka shoka lake rehani kwa mwenye duka hulikomboa siku apatapo fedha. Mtu aliyemkuta mateka katika msafara wa watumwa, akatoa vitambaa na kumtwaa, alisemwa kuwa amemkomboa. Na Mkristo apigapo magoti humwita Kristo Mkombozi wake. Kwa mpita njia maana hizi zaelekea kuwa moja. Walakini kati ya ya kwanza na ya tatu pana umbali sawa na ule ulioko kati ya mali na mtu. Shoka lililokombolewa hurudi mikononi mwa mwenyewe, nalo likaendelea kuwa shoka lake. Je, mtu aliyekombolewa hurudi mikononi mwa nani?

Swali hili halikuzuliwa na wanafalsafa kwa kupoteza wakati. Liliulizwa kwa miili na maisha ya watu katika nchi ambayo leo huitwa Mkoa wa Katavi, na lilikuwa limeulizwa kabla ya hapo katika makanisa ya kwanza ambayo habari zake zimo katika Maandiko. Mkristo wa siku hizi atakaye kujifunza kwa makanisa yale aghalabu hukimbilia picha ya waumini wa Yerusalemu waliokuwa na vitu vyote shirika, akasikitika kwa kuwa mambo hayako hivyo tena. Sikitiko hilo halina faida kubwa. Nyaraka za Mitume hazikuandikwa kwa sababu watu walipatana. Nyingi ziliandikwa kwa sababu walikosana, na mara nyingi walikosana juu ya jambo hili hili: nani ni ndugu kamili, na nani ni ndugu kwa hisani.

Karema, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa ngome kabla ya kuwa misioni. Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliianzisha mwaka 1879 kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika kilichoongozwa na Mfalme Leopold wa Pili. Baadaye mfalme huyo alielekeza tamaa yake yote Kongo, na mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Misafara ya watumwa ilikuwa ikali ikivuka ziwa na kushika njia za Ujiji na Tabora. Mapadre walinunua watoto na vijana kutoka mikononi mwa wafanya biashara, wakawalea, wakawafundisha dini na kazi za mikono, wakawaoza wao kwa wao, na kuwagawia mashamba katika vijiji vya Kikristo. Kwa hiyo kanisa la kwanza la upande ule wa ziwa lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kanisa la watu walionunuliwa.

Wako walioilaumu kazi hiyo kwa kusema kuwa anunuaye mtumwa ili amfungue humpa mwuzaji fedha za kumteka mwingine. Hoja hiyo ina nguvu, na pengine Lavigerie mwenyewe aliihisi, maana mwaka 1888 alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri kuwa biashara yenyewe ikomeshwe. Walakini lawama hiyo ni rahisi kutamkwa na mtu ambaye hakusimama mbele ya mtoto aliyefungwa kamba. Padre aliyesimama pale hakupewa nafasi ya kupima uchumi wa bara zima.

Tatizo lililo zito zaidi lilianza baada ya malipo. Mtoto yule hakuwa na ukoo wa kumkimbilia. Ukoo wake ulikuwa mbali, au umeteketea, au hakuukumbuka. Nje ya misioni alikuwa windo la mtu yeyote mwenye bunduki. Ndani yake padre alikuwa baba yake, mwalimu wake, mwenye ardhi yake na hakimu wake. Kwa ufupi, alikuwa mtemi wake. Kinga hiyo ilikuwa ya kweli, na wengi waliishi na kuzaa kwa sababu yake. Lakini mtu akulindaye, akulishaye, akuchaguliaye kazi na kukuamulia kesi zako, kisha akawa ndiye aliyetoa thamani yako sokoni, atakuitaje ndugu bila ya neno hilo kukwama kooni, mwake au mwako?

Waraka wa Paulo kwa Filemoni una aya 25 tu, na katika kanisa nyingi husomwa mara chache sana. Paulo, aliye kifungoni, amrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, huku akimwomba bwana huyo ampokee si kama mtumwa tena bali kama ndugu. Katika karne ya 19 wenye watumwa wa Marekani waliupenda waraka huu kwa kuwa waliona ndani yake hoja ya kuwarudisha waliotoroka. Na waliopinga utumwa nao waliusoma huo huo. Si ajabu, kwa maana Paulo hatoi amri mahali ambapo msomaji wa leo angetaka aitoe. Hasemi wazi: mwandikie hati ya uhuru.

Alifanya jambo jingine, na hapo ndipo penye utajiri wa waraka huo. Alishika daftari ya madeni. Ikiwa Onesimo ana deni, asema, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo. Na ili lisichukuliwe kuwa maneno ya adabu tu, atwaa kalamu na kuliandika kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu atiaye sahihi mbele ya mashahidi. Kisha akumbusha, kwa namna ya mtu ambaye hataki kukumbusha, kuwa Filemoni naye ana deni kwake, tena si la fedha bali la nafsi yake. Mwisho wa hesabu hiyo ni wa ajabu. Mtumwa hadaiwi tena, kwa kuwa deni lake limehamishwa. Bwana hawezi kumdai Paulo, kwa kuwa yeye ndiye adaiwaye zaidi. Na Paulo hadai kitu, ila aomba moyo wake uburudishwe. Undugu umepata nafasi ya kuketi kwa sababu hakuna aliyebaki na haki ya kufungua daftari.

Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, Mtume huyo huyo awaambia waumini kuwa wamenunuliwa kwa thamani, na kwa sababu hiyo wasiwe watumwa wa wanadamu. Manunuzi hayo, kwa hoja yake, hufunga soko: aliyekwisha nunuliwa na Kristo hawezi kununuliwa na mwingine, hata kwa wema. Kwa mwanadamu ni rahisi sana kuigeuza hoja hii kichwa chini, akasema: maadam mimi nilikununua kwa jina la Kristo, basi una wajibu kwangu kwa jina la Kristo. Hakuna haja ya kuwatafuta mapadre wa Karema katika kosa hilo peke yao. Mlezi wa yatima hulitenda, na mwajiri aliyemtoa mtu kijijini, na mjomba aliyelipa karo ya shule.

Kinyume cha kosa hilo kilionekana Karema ile ile. Adrian Atiman alizaliwa Sudani ya Magharibi, katika nchi za mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, na huko Algeria akanunuliwa na Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta kusomea uganga pamoja na vijana wengine waliokombolewa kama yeye. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, na hapo alitibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Alioa Karema, na mwanawe Yosefu akawa padre. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake zilizosimuliwa na yeye mwenyewe.

Watu wamezoea kumsifu Atiman kwa uaminifu wake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini ikisemwa peke yake humfanya kuwa mdaiwa mwema aliyelipa kwa miaka mingi. Jambo kubwa ni kwamba alipewa maarifa ambayo hata waliomnunua wengi wao hawakuwa nayo. Padre aliyeugua homa alilala kitandani, na mtu aliyewahi kuuzwa alisimama juu yake akiamua dawa. Katika chumba hicho daftari ya Metropoli za Ulaya haikuwa na kazi. Watoto wengi wa vijiji vya Karema hawakupata kufikishwa hapo. Walifundishwa sala, jembe na useremala, wakatarajiwa kushukuru.

Makanisa ya kwanza yaliijua tofauti hiyo mapema. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume yaeleza kuwa katika Yerusalemu Wayahudi wenye kusema Kiyunani waliwanung'unikia Waebrania, kwa kuwa wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Ilikuwa rahisi kuwajibu kwa njia mbili zilizozoeleka: kuwaambia kuwa manung'uniko ni dhambi, au kuwaongezea chakula. Mitume hawakufanya hata moja. Waliuambia mkutano uchague watu saba, na mkutano ukawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Hilo si ushahidi kamili, maana Wayahudi wa Palestina nao walitumia majina ya Kiyunani. Lakini ni vigumu kuamini kuwa lilitokea kwa bahati, hasa wa mwisho akiwa hata hakuzaliwa Myahudi. Walionung'unika ndio waliopewa ufunguo wa ghala.

Nchi ya Mpanda ilipata wageni wengine karne ya 20 ilipokuwa imesonga mbele. Mji wenyewe ulikua kwa madini ya risasi ya Mukwamba na kwa njia ya reli iliyotoka Kaliua na kufika mwaka 1950. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwamwaga watu wengi katika Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na yale ya Mishamo mwaka 1978. Familia zilipewa sehemu za pori, wakafyeka, wakalima, na baada ya miaka michache nchi iliyokuwa ya mbung'o ikawa nchi ya mahindi, maharage na tumbaku. Wengi wao walikuwa Wakristo, nao walikuja na makatekista na wazee wa kanisa wao. Chama cha TCRS, kilichoundwa mwaka 1964 chini ya makanisa ya Kilutheri, kilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa katika kuyajenga makazi hayo. Ukarimu huo haukuwa mdogo, na Tanzania yastahili heshima kwa ajili yake.

Hata hivyo mgeni wa Katumba alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, na mtoto aliyezaliwa pale alizaliwa mkimbizi. Serikali ilipofungua mlango wa uraia, na kwa watu wapata 162,000 wa makazi ya 1972 maombi yakakubaliwa mwaka 2010, liliwekwa sharti kwamba wahame, wakatawanyike katika mikoa mingine. Yaani mtu angekuwa mwananchi kwa kuiacha ardhi ambayo jasho lake lilikuwa limeifanya kuwa nchi. Sharti hilo lilichelewesha hati kwa miaka. Baadaye liliachwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kutolewa. Serikali ina sababu zake, na sababu za serikali si za kanisa. Lakini kanisa lililokuwa jirani haliwezi kusema kuwa jambo hilo halikulihusu, maana waliongojea hati hizo walikuwa wakiketi katika mabenchi yake kila Jumapili.

Kipimo kilicho karibu zaidi ni jumuiya ndogo ndogo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa msingi wa kazi yao, wakiyatazama makanisa yale yaliyokusanyika majumbani. Jimbo la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000, lilizaliwa zikiwa tayari ni desturi. Nyumba kumi au kumi na tano hukutana, husoma Injili, huchanga, huzika. Ni mpango mzuri. Lakini katika jumuiya hizo, kama katika makanisa mengine yasiyo ya Kikatoliki, pana daftari. Anayechanga huandikwa. Siku ya msiba au ubatizo daftari hufunguliwa, na mjane aliyehamia juzi kutoka makazi ya wakimbizi, au kibarua wa machimbo ya dhahabu asiyejulikana ukoo wake, husubiri nje huku wazee wakitafuta jina lake. Atasaidiwa, si kawaida kufukuzwa. Atasaidiwa kwa huruma, na huruma hiyo itakumbukwa. Lakini ni mara ngapi mtu kama huyo amechaguliwa kuwa mtunza hazina?

Huko Korintho, wenye nafasi walitangulia kufika katika karamu ya Bwana wakala na kunywa, na waliokuja baadaye wakakuta sahani tupu. Wataalamu hudhani kuwa waliochelewa walikuwa watumwa na vibarua ambao hawakuwa na amri juu ya saa zao. Paulo hakuwaagiza wenye nafasi wawabakishie wengine chakula. Aliwaambia wangojane.

Kuhusu Filemoni, Maandiko hayasemi alijibu nini. Hakuna waraka wa pili. Mwanzoni mwa karne ya pili Ignatius wa Antiokia, akipitishwa Asia chini ya ulinzi kwenda kuuawa Roma, aliandika barua kwa Waefeso na ndani yake akamtaja askofu wao, aitwaye Onesimo. Jina hilo lilikuwa la kawaida kwa watumwa wa zamani zile, na hapana awezaye kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule.