Binti za Selofehadi Wako Nakivale

Fungua Hesabu sura ya 27, mama, nawe baba, nawe binti uliyekaa nyuma karibu na mlango. Watu wa Mungu wako kambini. Wamekwisha kuhesabiwa, wanaume 601,730 wa miaka 20 na kuendelea, na limetoka tangazo kwamba nchi itagawanywa kwa kufuata majina hayo. Sisi wakimbizi wa Nakivale tunaijua siku ya namna hiyo. Tunaujua mstari wa kuhakikiwa, tunajua kungoja kiwanja, tunajua moyo unavyodunda orodha inapobandikwa ukutani.

Wasichana watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walilisikia tangazo lile pamoja na wengine wote, na wao wakalielewa. Baba yao Selofehadi alifia jangwani, hakuacha mtoto wa kiume. Basi nyumba yake haitapata hata shamba moja. Hawakungoja mashamba yakatwe ndipo walie. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano mzima, wakaeleza kesi yao: baba yetu hakuwamo katika uasi wa Kora, hakuwa na mwana, kwa nini jina lake lipotee? Musa akaipeleka kesi mbele za Bwana. Jibu likarudi kwamba wasichana wamesema haki, na neno lao likawa sheria kwa Israeli yote.

Sasa niambieni, maneno yale waliyapata wapi? Hayakuzuka midomoni asubuhi ileile. Waliijua habari ya Kora na hukumu yake. Waliijua desturi ya urithi na mahali inapowaumiza. Kuna mtu, labda baba yao kabla hajafa, ambaye, wazee walipokaa kuzungumza, hakuwafukuza wasichana hao. Binti anayetumwa jikoni kila mazungumzo yanapoanza, siku akipewa kiti atasema nini?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kufanya siasa katika nchi hii, na simwambii binti yeyote aivunje. Makazi haya yamekuwa yakipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tuheshimu mkono uliotupokea. Lakini kamati za ustawi wa wakimbizi, RWC, ni zetu. Tunazichagua wenyewe, kuanzia kijiji hadi makazi yote. Humo ndimo hujadiliwa bomba lililokauka, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mjane aliyesahauliwa kwenye orodha. Humo ndimo hutoka neno linalofika OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu. Tangu mwaka 2023, chakula cha msaada kilipopangwa kwa makundi na baadhi ya familia zikabaki bila kitu, nani kati yetu bado anadhani si kitu mtu anayejua kusoma tangazo na kuuliza swali?

Na kiti cha mwanamke kipo. Kinajazwaje? Tunaandika jina la dada mmoja kwa sababu wageni watauliza kama kuna mwanamke. Siku ya picha anaitwa. Siku ya kuamua anakuta mambo yamekwisha kuamuliwa chini ya mti na wanaume wanne. Hiyo ni dhambi, ndugu zangu. Tumemtumia mtoto wa watu kama pambo, kisha tunasema wanawake hawawezi.

Wewe binti wa Rwekubo, mwenyeji, raia wa Uganda, kwako mlango ni mpana zaidi. Katiba ya mwaka 1995 imewawekea wanawake theluthi moja ya viti katika mabaraza ya serikali za mitaa, na kila wilaya ina kiti cha mbunge mwanamke. Wilaya yetu ya Isingiro pia. Lakini katiba hiyohiyo inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Mzazi unayemtoa binti shuleni baada ya darasa la saba ili upokee mahari ya ng'ombe, umemfungia mlango wa Bunge kabla hajajua uko barabara gani. Huo ndio uzito wa ng'ombe wale.

Msiseme mambo haya ni ya watu wa mbali. Miria Matembe ni binti wa Mbarara hapa jirani. Alikaa kwenye tume iliyoandaa katiba hiyo, akaiwakilisha Mbarara bungeni, akawa waziri wa maadili, na mwaka 2003 akatoka katika baraza la mawaziri baada ya kupinga kuondolewa kwa ukomo wa vipindi vya urais. Winnie Byanyima naye ni wa Mbarara. Enzi za Idi Amin alikimbilia Uingereza. Sikieni vizuri, wanangu: alikuwa mkimbizi. Akasomea uhandisi wa ndege, akarudi, na mwaka 1994 akapigiwa kura na watu wa mji wa Mbarara kuingia bunge la kutunga katiba, katika kiti walichogombea wanaume pia. Na Ilhan Omar, msichana wa Kisomali aliyekulia miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi Kenya, mwaka 2018 alichaguliwa kuingia bunge la Marekani. Binti wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kisomali unayesikia haya: hujui utaishi nchi gani miaka kumi ijayo. Utakachojifunza hapa utakwenda nacho.

Kuna jambo moja ambalo makanisa yetu hulikwepa, nami sitalikwepa. Binti akisimama mkutanoni mara mbili, ya tatu anaitwa malaya. Akiomba nafasi, kuna mwenye cheo anayemwambia alipie kwa mwili wake. Wewe unayemdai, Mungu anakuona, na sisi nasi tutakutaja kwa jina mbele ya wanaohusika. Nanyi akina mama mnaobeba uvumi kutoka bombani hadi sokoni, acheni leo. Mnawakata ndimi binti zenu wenyewe.

Jumapili hii, ibada ikiisha, mweka hazina afungue daftari la sadaka mezani, amkalishe binti mmoja kando yake ajumlishe. Atakosea, ajumlishe tena. Katibu ampe mwingine kalamu aandike muhtasari wa kikao cha wazee, na usomwe kama alivyouandika. Mwalimu mmoja ajitolee kusoma na wasichana ile sheria ya mwaka 2006, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili. Na mkutano ujao wa kijiji, binti akiinua mkono, mwenyekiti ampe nafasi kabla yetu sisi tuliokwisha kusikika. Mkutano huwa saa ya kuteka maji, nalijua hilo. Siku hiyo jerikani zibebwe na kaka yake.