Mdoli wa Leba

Kila nikienda Robanda, kabla sijavua viatu vilivyojaa vumbi la bodaboda kutoka Mugumu, shangazi ananiuliza swali lilelile: "Sasa udaktari unaupata lini?" Kwetu Ikoma kila aliyevaa nguo nyeupe ni daktari, na nesi ni daktari aliyekatisha masomo. Nikimweleza kwamba nina shahada, nina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kazi yangu ni kuwafundisha hao manesi, ananitazama kwa huruma. "Miaka yote hiyo, mwanangu, bado uko shuleni?"

Simlaumu. Hata sisi wakufunzi tunapimana kwa vyeti: astashahada, stashahada, shahada, uzamili, mwisho ofisi yenye pazia. Vyeti si bure, bila hivyo nisingekanyaga darasa. Ila kila kimoja kilinisogeza mbali kidogo na kitanda cha mgonjwa, na mimi nikakuita huko kupanda.

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimpa binti mmoja alama 92 katika mtihani wa vitendo. Alistahili, au ndivyo nilivyodhani. Alimkausha mdoli wa mazoezi, akamsugua mgongo, akaweka barakoa ikakaa sawasawa, akaminya ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa, kifua kikapanda. Wiki tatu baadaye, zamu ya usiku, akazaliwa mtoto kimya, rangi ya majivu. Binti wa 92 akabaki amesimama na kitenge mkononi. Mkunga wa zamu, mama mwenye cheti tu, akamsogeza kwa kiwiko, akashika ambu. Tukasubiri. Mtoto akalia.

Wakunga huiita dakika ya dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa: asiyepumua anatakiwa awe amesaidiwa kabla haijaisha. Binti yule aliijibu vizuri kwenye karatasi. Alama nilizitoa mimi.

Baadaye nikasoma habari za Haydom. Ukiivuka Serengeti yote kutoka kwetu, ukaliacha nyuma Ziwa Eyasi, unaikuta hospitali hiyo ya Walutheri wilayani Mbulu. Watumishi wake walipewa siku moja ya mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, mpango uliozinduliwa 2010. Wakipimwa kwa mdoli walikuwa wamebadilika kabisa. Kwa watoto wenyewe, kazi ilibaki ileile. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Nilicheka peke yangu, kicheko kichungu. Kumbe si mimi peke yangu niliyempa mdoli 92.

Wenzetu hawakuishia hapo. Walimhamishia mdoli leba kwenyewe, watu wakawa wanafanya zoezi la dakika chache kila wiki, na refu kidogo mara moja kwa mwezi. Hakuna semina. Utafiti uliotoka 2015 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mikono ilikuwa ileile, na mdoli yuleyule.

Nami nikambeba wangu. Siku hizi anakaa kwenye kabati la leba, chini ya glovu, kisigino kimoja kimebanduka. Kabla ya kupokezana zamu tunamtoa, dakika tatu tu. Wanafunzi wananung'unika: "Madam, si juzi tu tulifanya?" Nami ninafanya pamoja nao, maana mkono wa ofisini husahau upesi kuliko wa mwanafunzi.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nikaweka barakoa, nikaminya mara tano, huku nikieleza kwa sauti ya darasani. Yule mama wa cheti alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Madam," akasema, "kifua hakipandi. Inavuja hapo kidevuni."

Wanafunzi wakatazama chini. Nikaanza upya.